Siku 10 kutafuta propela shafti ya Bedford: Engaruka, Arusha, Nairobi na kurudi

Nimerudi nyumbani Ijumaa na leo ndo nimepata nafasi ya kukaa nikapanga picha na kile kidaftari changu. Kurasa nyingine zimeloa grisi hazisomeki vizuri kwahiyo bei chache nimezitoa kwenye meseji za simu. Naandika kwa sababu kabla sijaondoka nilitafuta sana mtu aliyewahi kueleza kwa Kiswahili habari za spea za haya malori ya zamani ya jeshi, propela (shafti ndefu inayozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye ekseli), krosi (kile kiungo cha msalaba mwishoni mwa shafti), transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), hafu shafti (shafti ya kutoka difu hadi tairi), sikuona kitu. Mwenye Bedford au Unimog akikwama walau aanzie hapa.

Gari lenyewe ni Bedford MJ, lile la jeshi la Uingereza la tani 4, linavuta mbele na nyuma, injini ya dizeli silinda 6 lita 5.4, na juu ya kabini kuna lile tundu la duara la askari kuchungulia. Jeshi lilipoyauza, kampuni za safari zikanunua mengi, zikafunga viti nyuma, yakawa yanazunguka Afrika na watalii miezi na miezi, na hili langu lilifika Arusha kwa njia hiyo. Mzee wangu alilinunua likiwa limechoka akalirudisha kwenye kazi ya mzigo. Mzee hayupo tena, lori lipo, na njia ya kwenda Ziwa Natron nimejifunzia humo nikiwa nimekaa katikati yake na utingo.

Shida ya spea inaanzia huko kwao. General Motors waliacha malori makubwa ya Bedford mwaka 1986, mwaka uliofuata kiwanda cha Dunstable kikauzwa kikaitwa AWD, na 1992 AWD nayo ikafilisika. Kwahiyo ukimwambia mtu wa duka "Bedford 4x4" unamtajia gari ambalo kiwanda chake kilishafungwa siku nyingi.

Siku ya 1, Jumanne. Arusha – Mto wa Mbu – Engaruka

Tumetoka Arusha saa kumi na moja alfajiri, mimi na utingo wangu, mifuko 60 ya saruji na bati bando tatu za shule moja ya Engaresero, kule Natron. Dizeli nimejaza ya 380,000. Lami hadi Mto wa Mbu haina hadithi. Pale tumekunywa chai na chapati, 2,500 kwa mtu, tukanunua na mkungu mdogo wa ndizi nyekundu maana huko mbele matunda ni adimu.

Baada ya Selela nikaanza kusikia tik, tik, tik, nikiongeza gia inakaa kimya, nikiachia mafuta inarudi. Nikajisemea ni kokoto imekaa kwenye tairi. Mtu aliyelelewa kwenye lori hili sikupaswa kujisemea hivo, nilipaswa kusimama nikaingia chini. Kwa anayesoma: mlio unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, na mtikisiko unaopanda kwenye sakafu ukifika spidi fulani, hiyo ni krosi inaomba msaada, simama hapo hapo uishike shafti kwa mikono uitikise.

Tulipita Engaruka vizuri tu, kama saa tisa alasiri tukashuka kwenye korongo kavu, na wakati wa kupanda upande wa pili ukasikika mlio mmoja kama bomba limedondoka kwenye sakafu ya zege, halafu injini inanguruma gari haliendi. Shafti ya nyuma ilikuwa imeachia upande wa transfa, imelala kwenye mchanga, upande wa difu bado imeshika. Kikombe kimoja cha krosi nilikiokota. Ndani yake zile sindano za beringi hakuna, kuna unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, mkavu kabisa, hauna hata harufu ya grisi. Na yoki ile ya kuteleza (uma unaoshika krosi kwa masikio mawili), yenye meno ndani, ilikuwa imepasuka sikio moja. Krosi peke yake ningeipata, lakini yoki iliyopasuka ilinikata maini kabisa.

Jua lilipozama akaja mama mmoja wa boma la jirani na vijana wawili. "Takwenya yeyo," nikamwamkia, akaitikia "Iko," akaangalia lori, akaangalia ile shafti chini, hakuuliza kitu. Baada ya nusu saa kijana akarudi na kibuyu cha maziwa ya mgando na blanketi mbili. Tukalala juu ya saruji, chini ya turubai, fisi wanalia mbali, na mlima Lengai unaonekana mweusi upande wa kaskazini.

Siku ya 2, Jumatano. Korongoni – Engaruka

Asubuhi tumefungua shafti yote tukaitoa. Transfa ya gari langu haina difu ya katikati, kwahiyo ukiweka gia ya kuvuta mbele, mbele kunavuta hata kama nyuma hakuna shafti. Tatizo ni uzito, tairi za mbele peke yake kusukuma tani 3 kwenye mchanga haiwezekani. Tumeshusha mifuko 40, wale vijana wakasaidia, tukaipanga juu ya magogo na kuifunika kwa turubai, mzee wa boma akasema italindwa. Nilitaka kumpa hela akakataa, akasema nikirudi nimletee sukari na majani ya chai.

Kilomita 14 za kurudi Engaruka zimetuchukua saa tatu na nusu. Kwa atakayefanya hivi: tumia gia nzito, usikate kona kali ukiwa umekanyaga mafuta maana joint za mbele hazikuumbwa kubeba kazi yote, na ukikwama usilazimishe, chimba. Na kama yako ni Land Rover ya zamani kumbuka breki ya mkono iko nyuma ya transfa, ukishatoa shafti ya nyuma breki hiyo haishiki tena tairi za nyuma, weka jiwe kubwa kila unaposimama.

Engaruka tumepaki kwa mama mmoja mwenye hoteli karibu na mfereji, huko ndo kwenye yale magofu ya mawe ya wakulima wa kale waliokuwa wakimwagilia kwa mifereji, na mpaka leo watu wanalima kwa maji ya mto ule ule. Mama akasema lori likae hata mwezi, hela ya ulinzi hataki, nimlipie tu chakula cha utingo, 6,000 kwa siku. Nikawahi pikipiki mpaka Mto wa Mbu, shafti imefungwa kwa mpira nyuma yangu, 35,000, vumbi mpaka kwenye meno. Arusha nimeingia saa nne usiku.

Siku ya 3, Alhamisi. Unga Limited, Arusha

Hii siku nusu yake ilipotea na nusu yake ndo iliyoniokoa. Asubuhi nimezunguka maduka saba nikiuliza "mna krosi na yoki ya Bedford MJ?" Majibu yote ni yale yale: hakuna, gari hilo lilishakufa, peleka chuma chakavu. Wa mwisho alicheka mbele za wateja nikaumia kweli, maana yule hajui lori hilo limesomesha watu wangapi.

Mchana nikaingia kwa fundi mmoja wa mashine ya kukereza, mtu mzima, kofia ya baraghashia. Nikamweleza. Akasema, "Kijana, wewe unatafuta jina. Jina la gari halifungwi kwenye gari. Lete hiyo shafti tuipime." Akatoa vernia kwenye boksi lililofunikwa kitambaa. Nikataka kupima kikombe cha krosi akanizuia, akasema kikombe kimelika kitakudanganya, pima tundu la sikio lililo zima. Milimita 34.9. Halafu nje kwa nje ya masikio, kutoka mwisho wa kikombe hadi mwisho wa kikombe cha pili, 126 na kidogo. Akahesabu meno ya splaini mara mbili, akapima unene wa bomba, akapima flenji, kile kisahani cha kufungia bolti: kipenyo, matundu mangapi, na umbali wa tundu hadi tundu la upande wa pili. Akaandika vyote kwenye kipande cha boksi la elektrodi. Hicho kipande bado ninacho.

"Sasa nenda na hii," akasema. "Usiseme Bedford mpaka uulizwe."

Narudia kwa herufi zangu zote, hili ndo jambo kubwa nililopata safari nzima. Krosi ni krosi. Watengenezaji wa shafti walikuwa wachache, wakauza saizi zile zile kwa viwanda vingi, kwahiyo krosi ya lori la jeshi la miaka ya themanini inaweza kuwa ile ile iliyo kwenye trekta au lori jingine linalotembea leo. Angalia pia klipu zake zinakaa wapi, kuna za kufunga kwa nje na za kufunga kwa ndani ya sikio, saizi ikiwa sawa na klipu tofauti haitaingia. Ila namba zangu usizichukue, shafti ya gari langu ilishachezewa huko nyuma kabla yetu, pima ya kwako.

Kweli bwana, duka la pili nililorudi na zile namba, krosi ikatoka. Pungufu kidogo urefu, 118, muuzaji akasema nitie washa, vile visahani vya chuma vya kuzibia nafasi. Nikakataa. Washa kwenye krosi ni kujitafutia korongo lingine. Yoki haikuwepo Arusha nzima. Wengine wakasema niende Gerezani, Dar, yule fundi akasema Nairobi, kwa sababu Kenya Bedford ziliunganishwa kule kule kuanzia mwaka 1977 na mafundi waliozishika bado wapo, na pia ni karibu zaidi. Alinitoza 5,000 tu kwa kazi ya mchana mzima.

Siku ya 4, Ijumaa. Arusha – Namanga – Nairobi

Kosta hadi Namanga 10,000 na shafti imelipiwa nauli kama mtu, imefungwa kwenye magunia mawili. Pasipoti na kadi ya homa ya manjano usisahau, Watanzania kitambulisho cha taifa hakitupitishi pale.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Kabla hujavuka na kifaa chako kibovu, nenda forodha upande wa kwetu uwaoneshe, waandike kwamba kinatoka kwa ajili ya matengenezo. Mimi nilitaka kupita tu, dada mmoja aliyekuwa na mabeseni ya nguo kwenye foleni ndo alinishtua, "Kaka hicho chuma ukirudi nacho watakuuliza umekinunua wapi, kiandikishe." Imechukua dakika arobaini. Bila hivyo siku ya nane ningekuwa nalipia shafti ya mzee wangu mwenyewe.

Matatu ya Namanga hadi Nairobi shilingi 700 ya Kenya, na 300 ya mzigo. Kitengela tumekaa foleni saa nzima na robo. Chumba nimepata River Road kwa 1,200, choo cha pamoja ila shuka safi, na chini kuna hoteli ya ugali, matumbo na sukuma kwa 180. Laini ya simu ya Kenya nilinunua hapo hapo kwa pasipoti, bila M-Pesa Nairobi utateseka maana hata muuza mahindi hataki noti kubwa.

Siku ya 5, Jumamosi. Grogan

Barabara ya Kirinyaga watu wote wanaiita Grogan, spea mwanzo mwisho. Ukionekana umebeba kitu kizito mabegani madalali wanakuja kama nyuki, "Boss, unatafuta nini? Kuja nikuoneshe." Nilimfuata mmoja, ananipitisha kila duka na kila duka bei inapanda kwa sababu yake yeye yuko ndani ya bei. Nikamlipa 200 ya chai, nikamuaga kwa heshima, nikaanza upya peke yangu na kile kipande cha boksi.

Krosi za 34.9 kwa 126 nilizipata kwenye duka la tatu, mbili kwa 5,600. Boksi zuri lenye jina kubwa. Bahati nzuri nilikaa kwenye ngazi nikafungua kila kikombe kabla sijaondoka. Kikombe kimoja sindano zilikuwa zimepungua, zinacheza, nyingine imelala upande. Muuzaji akasema zipo hivyo zote, hela harudishi. Tumebishana nusu saa bila matusi, mwisho akanibadilishia zenye boksi la kawaida lisilo na picha wala mbwembwe, na hizi kila kikombe kimejaa sindano, ukizungusha kwa kidole inateleza kimya. Kwahiyo usiangalie boksi. Fungua, hesabu, zungusha, kisha lipa.

Kuhusu yoki, mzee mmoja Mkamba mwenye duka dogo la beringi aliniita nikiwa nakunywa maji. Akaishika yoki yangu iliyopasuka akaigeuza geuza. "Hii ni ya Bedford ya jeshi." Nilishtuka maana sikuwa nimesema. Akaniambia ameendesha Bedford aina ya TJ miaka mingi Machakos, na kwamba spea za TJ mpaka leo zinatoka Pakistan maana kule Bedford ndo lori lao la taifa, yale yanayopakwa maua na rangi, wanazifufua kila siku, ila TJ inavuta nyuma tu, transfa haina, yoki yake haitaingia kwenye meno yangu. "Lakini kuna mzee huko mtaa wa Karen, alikuwa anatengeneza gari za safari. Yeye si duka. Enda na adabu." Akampigia simu hapo hapo kwa salio lake. Hakutaka hela yangu, akaniuzia nipo mbili za grisi (vile vichuchu vya kupigia grisi) kwa 100 basi.

Siku ya 6, Jumapili. Karen

Matatu ya Ngong Road, halafu kutembea na chuma begani. Mzee ana kiwanja chenye mijakaranda, na chini yake Bedford mbili ziko juu ya vitalu, moja haina kabini, nyingine ina nyasi zinazotoka kwenye tundu la askari. Nikasimama kimya kwanza. Nilikuwa sijawahi kuona nyingine zaidi ya yetu kwa miaka mingi.

Tulikunywa chai ya maziwa, akaniuliza gari linabeba nini, njia ikoje, nani alilinunua. Nikamwambia habari za mzee wangu. Akauliza, "Na wewe unaligrisi kila baada ya kilomita ngapi?" Nikasema ukweli, kwamba ile nipo ya upande wa transfa ilikuwa imeziba na nilikuwa napitisha bunduki ya grisi kwa mazoea bila kuangalia kama grisi inatokea upande wa pili. Alinyamaza. Kisha akasema grisi ya zamani lazima uione inatoka kwenye sili zote nne za krosi, ukiiona sehemu tatu ujue ya nne inakufa. Nimeandika hilo kwa peni nyekundu.

Tulilala chini ya ile isiyo na kabini wote wawili, yeye na umri wake, tukafungua shafti ya nyuma. Yoki ikatoka nzima. Alisafisha meno kwa dizeli na brashi ya waya, tukaijaribu, ikaingia taratibu mpaka mwisho bila kucheza, sauti yake ni kama kufunga mlango wa friji. Nilitaka kulia kusema kweli.

Alisema 15,000, hakuwa na bei ya kushuka na sikumshusha. Akanipa bure na hafu shafti moja ya nyuma iliyokwishatumika, akasema yeye hataendesha tena. Ile hafu shafti ina uzito wa mtoto wa darasa la tatu na nimeibeba mpaka River Road bila kusikia uzito.

Siku ya 7, Jumatatu. Kariobangi

Kariobangi Light Industries, mafundi wa shafti wako kadhaa. Bomba langu lilikuwa limepinda lilipogonga mchanga kwahiyo limekatwa na kuwekwa jingine la unene ule ule. Fundi hapa ni kijana wa miaka kama ishirini na nne. Aliifunga kwenye mashine, akachomelea nukta nne tu, akaweka saa ya kupimia ikigusa bomba, akazungusha kwa mkono. Mshale ukawa unatembea kutoka sifuri hadi karibu milimita moja. Akachukua nyundo ya shaba, tap, akazungusha, tap tena upande wa pili, akazungusha, kila pigo dogo kuliko lililopita, mpaka mshale ukabaki unatetemeka hapo hapo kwenye mstari. Ndo akachomelea mzunguko wote, akienda kipande cha huku na kipande cha upande wa pili ili joto lisivute. Saa mbili nimesimama naangalia, sikuchoka.

Kabla ya kuvuta yoki ya kuteleza ndani akapiga alama mbili kwa tindo, moja kwenye shafti na moja kwenye yoki. Masikio ya mwisho wa mbele na masikio ya mwisho wa nyuma lazima yakae kwenye mstari mmoja. Ukiyakosea jino moja tu la splaini gari litatikisika hata kama kila kitu ni kipya, na watu wengi wanaishia kununua krosi kila miezi mitatu bila kujua kosa ni hilo. Kama shafti yako haina alama, weka kabla hujaichomoa.

Kazi na bomba 9,500. Balansi imefanyika mtaa mwingine Industrial Area, 3,000, wamechomelea vipande viwili vidogo vya chuma. Usivigongoe ukidhani ni uchafu wa welding.

Siku ya 8, Jumanne. Nairobi – Namanga – Arusha

Matatu, foleni, vumbi la Kajiado. Namanga upande wetu nikatoa ile karatasi ya Ijumaa na risiti zote, hata ya yule mzee wa Karen aliyeandika kwa mkono na kusaini. Ofisa akatenganisha kilichokuwa changu na nilichonunua, nikapewa kontrol namba, 61,000, nikalipa kwa simu. Dereva wa kosta alinisubiri dakika ishirini na abiria ndani na hakuna aliyelalamika, mama mmoja akanishikia hafu shafti miguuni kwake hadi Longido.

Siku ya 9, Jumatano. Engaruka

Nimepanda basi la Loliondo alfajiri, nimeshuka Engaruka saa sita na nusu mchana. Utingo alikuwa ameosha kabini na kupaka rangi bampa kwa rangi aliyoazima, hakuniambia.

Kufunga kumechukua mchana wote. Bolti za flenji nimenunua mpya zote nane na nati zake za kujifunga, za zamani nimetupa, bolti iliyowahi kuvutika usiirudishie. Sili ya pinioni ya difu ilikuwa inavuja kidogo nikaibadilisha hapo hapo maana shafti ilikuwa nje. Nimepiga grisi nikiwa nimelala chini, utingo anamulika tochi, nikahesabu: inatoka moja, mbili, tatu, ya nne imekawia, nikakandamiza tena, ikatoka. Krosi zote mbili hivyo hivyo, na splaini pia.

Mama wa hoteli nimemlipa 48,000 ya chakula, akarudisha 8,000 akasema utingo alimchotea maji siku zote.

Jumla ya matumizi, ukiacha dizeli: kama 1,050,000 ya kwetu ukibadilisha zile za Kenya, na humo yoki, bomba, krosi na balansi ni kama 630,000. Zilizobaki ni nauli, vyumba, chakula, sili, bolti, ushuru na kubeba vyuma.

Siku ya 10, Alhamisi. Engaruka – Engaresero

Korongoni tumefika asubuhi na mapema. Turubai liko vile vile, mawe manne kwenye kona, na mtoto mdogo amekaa juu yake na fimbo. Nilishusha sukari kilo tano na majani ya chai, mzee wa boma akaonja sukari kwa kidole kwanza. Yule mama wa kibuyu akaja kuangalia chini ya lori, akaigusa shafti mpya kwa mkono, akasema neno kwa Kimaasai, kijana akanitafsiria: anasema sasa mguu umepona.

Tukapakia mifuko 40. Miwili ilikuwa imepata unyevu chini imeganda. Kupanda upande wa pili wa korongo nilizima redio nikafungua madirisha yote. Kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kimya, injini tu na mchanga wa Lengai unaopiga madigadi ya magurudumu. Saa nane tumeingia shuleni, mwalimu mkuu akahesabu mifuko 58 mizima, ile miwili nikamwandikia nitaleta mingine safari ijayo bila malipo.

Jioni kabla ya kulala nikaingia chini na tochi, nikaweka kiganja kwenye vikombe vya krosi kimoja kimoja. Vuguvugu tu, vyote sawa.